Spesa, Rimu Pana na Barabara ya Ngoliba

Leo nazungumza na watu wa magari, hasa vijana wa Subaru. Mama unayepika chai ukitusikiliza, usihame stesheni. Gari lenyewe huenda ni la mwanao, na pesa huenda ni zako.

Swali lililotufikia ni la bwana mmoja anayeishi Ngoliba na kufanya kazi Ruiru. Ana Subaru Impreza, ile WRX ya turbo. Anataka kununua rimu mbili pana za nyuma, aongeze na spesa, matairi yajae hadi ukingoni mwa fenda. Mbele atabaki na rimu zilizokuja na gari. Anauliza, je, gari litashika barabara vizuri zaidi?

Ningekuwa yeye, kwa gari hilo nisingeweka. Angekuwa na BMW, tungezungumza mengine. Nipeni dakika chache nieleze kwa nini.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Spesa ni kipande cha duara cha aluminiamu, chenye matundu, kinachokaa kati ya habu na rimu ili kulisukuma gurudumu nje. Zile nyembamba, za milimita 3 au 5, huvalishwa tu juu ya bolti za habu, kisha rimu, kisha nati zilezile za siku zote. Zile nene, za milimita 20 hivi kwenda juu, hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake, halafu zina bolti zake zenyewe ambazo rimu inafungiwa. Kitu chenyewe si haramu. Porsche wamewahi kuuza spesa za milimita 5 kutoka kiwandani, pamoja na bolti ndefu zaidi za kwenda nazo. Kwa hiyo mtu akikuambia kila spesa ni kifo, anakutisha tu. Na anayekuambia spesa ni spesa, funga tuende, huyo ndiye wa kumwogopa zaidi.

Sasa hesabu. Rimu ina upana wake, unaopimwa kwa inchi, na ina namba nyingine inayoitwa ofseti, ambayo mara nyingi imechongwa mgongoni mwa rimu kwa herufi ET. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu limeingia ndani. Ikipungua, gurudumu linatoka nje.

Chukua rimu ya inchi 8, ofseti 45. Itoe, weka ya inchi 9 yenye ofseti ileile ya 45. Umeongeza inchi moja, nayo imegawanyika katikati. Karibu milimita 13 zimekwenda nje kuelekea fenda, na 13 nyingine zimekwenda ndani kuelekea shokomzoba. Ukiona huko ndani tairi litasugua, ndipo unapoambiwa weka spesa ya 15. Sawa, ndani utapata nafasi. Lakini nje sasa umetokeza milimita 28. Rudia nami, 28, kila upande.

Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Rimu ya ofseti 45 yenye spesa ya 15 inakaa mahali palepale pa rimu ya ofseti 30 isiyo na spesa. Milimita ni zilezile, ila moja ina kiungo kimoja zaidi cha kulegea. Kwa hiyo kabla ya kutafuta spesa, tafuta rimu yenye ofseti unayoihitaji. Spesa ni ya mtu ambaye tayari ana rimu, na amepungukiwa na milimita chache.

Tutoke kwenye namba kidogo. Mtindo huu wa nyuma pana ulitoka wapi? Haukuanza kama pambo. Porsche 911 ina injini nyuma kabisa, imepita hata ekseli ya nyuma. Zile za kwanza, za miaka ya 1960, zilikuwa na magurudumu manne yaliyolingana, na dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ulitaka kumpita. Katika Carrera RS, iliyojulikana kwa mwaka wake wa 1973, Porsche waliweka rimu za inchi 6 mbele na 7 nyuma, matairi ya 185 mbele na 215 nyuma. Upana ule ulikuwa dawa ya ugonjwa unaojulikana. BMW nao, nguvu zote zinakwenda nyuma. Ile 335i ikiwa na rimu za michezo za inchi 18, huvaa 225 mbele na 255 nyuma, na springi na usukani wake vimepangwa kwa hesabu hiyo.

Subaru je? Injini iko mbele, imelala mbele ya ekseli ya mbele, na nguvu zinakwenda magurudumu yote manne. Ugonjwa wake hauko mkiani. Ingia kona kwa kasi kupita kiasi na WRX ya kawaida, utahisi ni pua inayosukumwa nje ya kona wakati wewe unakata usukani. Sasa wewe umeongeza mshiko nyuma, na mbele hukuongeza chochote. Pua itasukumwa zaidi. Yaani umetoa pesa mfukoni kununua ugonjwa uleule ambao gari lilikuwa nao. Wahenga walisema ukimuiga tembo utapasuka msamba, nasi hapa tunamuiga tembo wa Stuttgart, yaani Porsche.

Halafu mnisaidie, kwani Kenya tuliipendea Subaru nini? Tuliipenda kwa Safari Rally. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa na Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda, na mwaka 2000 akashinda Richard Burns, wote kwa Impreza. Yale magari ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu, mnayakumbuka. Yalisimama juu, magurudumu yamelingana mbele na nyuma, na matairi yalikuwa na ubavu mnene wa kupokea mawe. Hata Porsche walipoleta 911 zao katika Safari ya 1978, walizinyanyua ndipo wakashindana, na Vic Preston Mdogo akawa wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Anayetaka Subaru yake ifanane na ya McRae, basi rangi ya dhahabu inatosha.

Nirudi kwa bwana wa Ngoliba, maana jambo kubwa bado. Katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, tairi la nyuma likiwa na mzunguko tofauti na la mbele, kuna chombo ndani ya giaboksi kinachobeba tofauti hiyo. Ni difu ya kati. Kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma vitofautiane kidogo unapokata kona, kisha ipumzike barabara ikinyooka. Subaru hutaka mzunguko wa matairi yote manne usipishane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo.

Sikilizeni sasa. Tairi la 225/45 la rimu ya inchi 17 lina mzunguko wa karibu milimita 1,993. Kijana anakwenda kwenye matairi ya mtumba, anataka 255 za nyuma, anapata 255/45 kwa bei nzuri. Anaona 45 na 45, anafikiri zimelingana. Hazikulingana. Ile 45 ni asilimia ya upana wa tairi, kwa hiyo tairi likipanuka na kimo cha ubavu kinapanda. Mzunguko wa 255/45 ni karibu milimita 2,078. Tofauti ni milimita 85. Katika kila kilomita moja, magurudumu ya mbele yanazunguka mara 20 zaidi ya yale ya nyuma. Zidisha mwenyewe kwa safari ya Ngoliba hadi Ruiru, asubuhi na jioni. Difu ya kati imekuwa kama mtoto anayeshikwa mkono na watu wazima wawili wenye hatua tofauti, na hakuna anayesimama. Inachemka, mafuta yake yanaungua, na siku moja unakata kona kali kwenye maegesho unasikia gari limejikaza na kurukaruka. Hapo umeshachelewa, na bei ya kazi hiyo inaweza kupita bei ya rimu zote nne.

Najua kuna fundi ananisikiliza anasema, lakini si kuna 255/40? Kweli, ipo. Mzunguko wa 255/40 unazidi ule wa 225/45 kwa chini ya milimita 5. Karatasini imepita. Lakini meno ya tairi yakipungua kina kwa milimita 1 tu, mzunguko unapungua kwa milimita 6.3. Milimita 1! Watu wa Subaru wenye busara huhamisha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili yaishe pamoja. Wewe mwenye rimu pana nyuma huwezi kuhamisha. Mbele kutaisha kwa mwendo wake na nyuma kwa mwendo wake, na ile hesabu nzuri ya karatasini haitadumu. Ndiyo maana nasema kwa WRX, ukitaka upana, panua zote nne sawasawa au acha.

Sasa tuseme wewe si mtu wa Subaru. Una BMW, au Toyota Mark X inayosukuma nyuma, si zile za Four. Kwako rimu pana za nyuma zina maana. Basi zifungwe vizuri, na hapa naomba mafundi wa jua kali wanisikilize pia.

Wengi hudhani bolti ndizo zinazobeba gari. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti inavutika kidogo sana na kuibana rimu kwenye habu, na ule msuguano wa uso kwa uso ndio unaofanya kazi. Kwa hiyo uso huo ukiwa na kutu, rangi au vumbi, umebana uchafu. Ukiendesha, uchafu unasagika, mbano unapungua, na nati zinalegea bila mtu kuzigusa. Toa gurudumu, chukua brashi ya waya, sugua habu hadi chuma kionekane, hasa ile pembe ambapo shingo ya habu inakutana na uso wake. Hapo kutu hujificha. Spesa ikikaa juu ya kutu hiyo hata kwa unene wa karatasi, imekaa upande, na utahisi gari linatetemeka ukifika Thika Superhighway.

Kisha hesabu mizunguko ya nati. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba uzi ulioshikwa na nati usipungue unene wa bolti yenyewe. Bolti za Mark X ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, kwa hiyo nati izunguke angalau mara 8 kabla haijaanza kukaza. Bolti za Subaru ni milimita 12 pia, lakini uzi wake ni wa 1.25, kwa hiyo karibu mara 10. Ukivalisha spesa nyembamba ukahesabu nne, tano, imekaza, simama hapo hapo. Toa spesa, au weka bolti ndefu. Na usichukue nati ya Toyota kuilazimisha kwenye bolti ya Subaru kwa sababu zinafanana machoni. Itaingia kidogo, itakaza, utafurahi, na uzi utakuwa umekwisha.

BMW nyingi hazina nati. Rimu hushikwa na bolti zinazoingia kwenye habu, kwa hiyo spesa ya milimita 10 inataka bolti ndefu kwa milimita 10. Nayo isipitilize, maana ikizidi inaweza kugusa vitu vya breki huko nyuma.

Tundu la katikati nalo. Habu ya Mark X ina shingo ya milimita 60.1, ya Subaru 56.1, ya BMW nyingi 72.6. Spesa nzuri hulingana na shingo hiyo kabisa, nayo yenyewe huwa na shingo ya kuishika rimu. Ikiwa inacheza, usiipokee. Na tafadhali, tafadhali, msipange spesa mbili moja juu ya nyingine. Nimeona gari lenye tatu. Mwenyewe alijivunia.

Zile nene zenye bolti zake zina mtego mmoja. Bolti asili za habu zinaweza kupita unene wa spesa na kuchungulia upande wa pili. Rimu nyingine zina vishimo mgongoni vya kuzipokea, nyingine hazina. Kama hazina, rimu itakaa juu ya ncha za bolti badala ya uso wa spesa, na nati zitakaza vizuri tu, fundi asijue. Paka grisi kidogo au chokaa kwenye ncha hizo, weka rimu, itoe, uangalie kama imeacha alama.

Kukaza ni kwa nyota, si kwa kuzunguka duara, na kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mashine ya hewa ya kwa pancha haijui kipimo, inajua kelele. Ukimaliza, nenda kilomita 80 hadi 100, rudi, kaza tena. Ikiwa ni spesa nene, hapo itabidi utoe rimu ili uzifikie nati za ndani, na hii ndiyo kazi ambayo hakuna anayeifanya.

Bado hatujafika barabarani. Superhighway, tangu ifunguliwe rasmi mwaka 2012, imewazoesha watu wa Thika na Ruiru lami pana inayotiririka. Kata sasa kuelekea Garissa, Kilimambogo ukiuona mbele yako, mabasi ya Mwingi na malori yanakupita, na kila kituo cha soko kina matuta yake. Halafu uiache lami uingie njia ya shambani Ngoliba. Mwenye gari yuko na mkewe, mama yake, watoto, na magunia mawili ya maembe kwenye buti. Mkia umeshuka.

Gurudumu lililotokezwa nje lina nguvu zaidi ya kuikandamiza springi, kwa kuwa mkono wake umerefuka. Springi ileile inakuwa kama imelegea. Kwa hiyo spesa imelisogeza tairi karibu na fenda, na papo hapo imelirahisishia kupanda juu zaidi kwenye tuta. Ndiyo maana gari lililopimwa likiwa tupu uwanjani kwa fundi halisugui, na jioni likipakiwa linachanwa tairi. Kipimo ni rahisi. Funga nati kwenye kamba, ining'inize kutoka ukingo wa fenda, uone kamba inapita wapi kwenye ubavu wa tairi. Kisha paka chaki ndani ya ukingo wa fenda, pakia watu wanne na mzigo wa kawaida, pitia tuta polepole, shuka uangalie. Chaki ikifutika, umejibiwa.

Beringi nayo inapokea kilo zilezile kutoka mbali zaidi. Itakufa mapema. Itaanza na mvumo wa chini unaobadilika sauti gari likiegemea kushoto au kulia kwenye kona ndefu. Watu huongeza redio. Mimi napenda redio iongezwe, lakini si kwa sababu hiyo.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na matairi yake yawe katika hali isiyohatarisha watu. Huko Japani tunakochukua magari na mitindo, wakaguzi huangalia kama gurudumu limepita fenda, na tangu 2017 mpira pekee ndio ulioruhusiwa kutokeza, tena kwa chini ya milimita 10. Zile picha za magari yaliyolaza magurudumu nje kama meza ni za maonyesho. Na uwaambie watu wako wa bima umebadilisha nini, kabla hawajajionea wenyewe siku ya ajali.

Nimalizie na pancha, kwa sababu barabara ya Ngoliba ina miba. Tairi la nyuma likipasuka usiku, utafungua buti na kutoa spea ambayo ni ile ndogo iliyokuja na gari. Je, inaingia kwenye spesa? Nati zako mpya za rimu pana zinakubali tundu la spea, au zinapita ndani? Ikiwa ni Subaru ya otomatiki ya zamani, mara nyingi kuna mahali pa fyuzi palipoandikwa FWD kwenye chumba cha injini, ambapo unaweka fyuzi ili gari lisukume kwa mbele peke yake wakati umevaa spea ndogo. Na hapo spea iende mbele au nyuma ni jambo la kitabu cha gari, kisome. Jaribuni mchana, nyumbani, mkiwa na jeki na chai. Nati asili zitieni kwenye mfuko, mfuko uwekwe chini ya jeki, na asiutoe mtu.